Upande wa Tupa

Karakana ile ina mashine saba, na sita kati ya hizo zinapiga kelele. Ya saba imefungiwa ndani ya kabati lake la bati na kioo, inajimwagia maji meupe na kukata chuma kwa amri zinazotoka kwenye kompyuta. Mwenye kompyuta ni mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mfupi, miwani yake imefungwa kamba, na mdomo anao. Hakuna anayemwita kwa jina lake. Wanamwita Bi Nukta, na jina hilo alijitafutia mwenyewe.

Lilimpata mwaka ule mashine ya saba ilipoletwa. Alikuwa tayari fundi wa miaka mingi. Aliingia pale akiwa msichana wa stoo, kazi yake kuhesabu keekee na kuwanyima mafundi wasiorudisha vifaa, kisha akajifunza tupa ya kusugulia chuma, kisha mashine ya kukereza, kwa sababu kukaa stoo kulimchosha. Kompyuta alikuwa akiiona benki tu. Bosi alipowakusanya mafundi na kuuliza nani atajifunza kitu kipya, wanaume wote walitazama viatu vyao. Yeye akanyoosha mkono. Miguu ilikuwa inamuuma, na alikuwa amesikia kwamba kazi ya kompyuta hufanywa umekaa.

Siku ya kuonyesha alichojifunza, karakana nzima ilisimama kutazama, Bosi amevaa tai. Bi Nukta aliandika mashine isogee milimita hamsini, lakini akasahau kuweka nukta baada ya hamsini. Mashine zile ukizinyima nukta huhesabu kwa sehemu za elfu za milimita, kwa hiyo ile mashine kubwa, mpya, inayong'aa, ilitikisika kidogo kama mtu aliyeshikwa na kwikwi, ikatulia. Watu wakasubiri. Wakazidi kusubiri.

"Imemaliza," alisema fundi wa kuchomelea, na watu wakavunjika mbavu.

Tangu siku hiyo amekuwa askari wa nukta. Anazikagua zake, anazikagua za wenzake, na wauza duka wa mtaa ule wanajua kwamba risiti yoyote ikipita mikononi mwake lazima irudi na swali.

Sasa, Jumanne moja asubuhi dereva wa kiwanda cha sabuni alileta kitu kimefungwa kwenye gunia. Bi Nukta alikitambua kabla gunia halijafunguliwa vizuri. Kilikuwa bamba la chuma, unene wa kidole, ukubwa wa sahani ya kupakulia, lakini si la duara. Ukingo wake ulikuwa na kilima upande mmoja, mgongo juu, na bonde chini, karibu na tundu la kulifungia. Bamba hilo likizunguka kwenye mashine yake, gurudumu dogo hutambaa juu ya ukingo, likapanda kilima na kushuka bondeni, na kule kupanda na kushuka ndiko kunakousukuma mkono wa chuma unaokunja maboksi ya sabuni. Ukingo ukilika, mkono unachelewa na maboksi yanatoka midomo wazi.

Lilikuwa limelika kweli. Kilima kizima kilikuwa na mashimo na mikwaruzo, kama barabara iliyosahauliwa.

Alilijua kwa sababu alilitengeneza. Yaani, alitengeneza nusu.

Miaka ishirini na sita nyuma, kabla ya kompyuta, kiwanda kilivunja bamba lake na kutaka jingine kwa siku mbili. Bosi wa wakati huo, baba wa huyu wa sasa, aliwaita watu wawili: huyo msichana aliyetoka stoo, na fundi mmoja mrefu mwenye maringo ambaye watu walimwita Tupa, kwa sababu hakuna aliyemwona bila tupa mkononi na hakuna aliyemshinda kwa kuitumia. Walikata kwa msumeno, wakatoboa, kisha wakaanza kusugua. Jiliwa la kubania chuma lilikuwa moja, kwa hiyo walipeana zamu, nusu saa huyu, nusu saa huyu. Msichana alianzia bondeni, pembeni mwa tundu, akapanda kilima. Tupa alianzia hapo hapo bondeni akazunguka upande wa pili. Walikutana mgongoni, juu, jioni ya siku ya pili, na walipokutana hawakulingana. Palibaki kikwazo kidogo mno, usingekiona kwa macho, lakini ukipitisha ukucha ulikuwa unakwama.

Kiwanda kilifurahi, bamba likafanya kazi. Wao wawili walioana mwaka uliofuata na ubishi wakahama nao. Tupa alidai kwamba upande wa mkewe ulizama. Mke alidai kwamba upande wa mumewe ulibaki juu. Ukiwasikiliza kwa utulivu utagundua wanasema kitu kimoja, lakini hakuna aliyewahi kuwasikiliza kwa utulivu. Binti yao alikua akidhani kila nyumba ina bamba lake la kugombania.

Ni miaka miwili sasa tangu Tupa apatwe na kiharusi. Mdomo ulirudi upesi, kama mtu yeyote anayemfahamu angetarajia. Mguu ukarudi kwa fimbo. Mkono wa kulia, ule wa tupa, nao unapanda na kushuka na unaweza kushika kikombe akiutazama, lakini yeye anasema hausikii kitu. Anasema ni kama mkono wa mtu mwingine aliyeusahau kwake. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimwambia Bi Nukta aufundishe upya: aweke maharage kwenye beseni, afiche vifungo vya shati ndani, mgonjwa avitafute kwa kupapasa, kila siku, bila kuchoka. Beseni likawekwa mezani. Tupa alilitazama, akamtazama mkewe.

"Mimi si kuku," alisema, na maharage yakaishia jikoni, yakapikwa.

Kinachomsumbua Bi Nukta si fimbo wala kikombe. Ni lile neno ambalo mumewe amelizoea siku hizi, kwamba kila alichokitengeneza kimeshaondoka duniani. Milango aliyoitengeneza imebadilishwa, mashine zimeuzwa kama vyuma chakavu, karakana ya pili aliyofanyia kazi sasa ni ghala la magodoro. Hulisema bila kulia, akiwa dirishani, kama anayesoma taarifa ya habari. 

Kwa hiyo Jumanne hiyo alirudi nyumbani akitembea haraka kuliko kawaida.

"Bamba la sabuni limerudi," alisema hata kabla ya kuvua viatu.

"Lipi?"

"Tuna mabamba mangapi ya sabuni, wewe?"

Tupa alizima redio. "Limelika upande gani?"

Bi Nukta alitamani kudanganya. "Wangu."

Tupa alicheka. Alicheka mpaka fimbo ikaanguka. "Nilisema! Miaka yote nasema! Ulikuwa unaibembeleza tupa kama unampaka mtoto mafuta."

"Kilima kiko kwangu, Baba. Gurudumu linapata taabu kwangu, kwako linateleza tu. Hata mimi ningepewa mteremko ningedumu."

"Visingizio hivyo. Na wangu?"

"Wako upo. Alama za tupa bado zinaonekana."

"Za mshazari?"

"Za mshazari, zimepangana."

Tupa alitazama nje ingawa nje hapakuwa na jipya. "Basi usiuguse," alisema.

"Sitaugusa."

"Hizo mashine zenu zikianza kula, zinakula mpaka pasipokuwa na njaa."

"Nimesema sitaugusa, mume wangu."

Asubuhi ya Jumatano fundi wa kuchomelea alijaza kilima kwa chuma cha moto, tabaka juu ya tabaka, mpaka kikawa na nundu za kutisha. Alikuwa yuleyule wa siku ya kwikwi, amezeeka lakini hajaacha utani. "Nimekutilia nyama ya kutosha," alimwambia Bi Nukta. "Kunyoa ni juu yako."

Bosi wa sasa alikuja kutazama. Ni kijana mwenye adabu, anamwita Bi Nukta mama kwa sababu alimkuta pale tangu akiwa anavaa kaptura.

"Mama, si unabonyeza mara moja tu mstari wote wa ukingo unawaka kwenye kompyuta?" alisema. "Kata ukingo mzima ung'are, tumalize. Kwa nini nusu?"

"Kwa sababu ile nusu nyingine ni nzima. Nikiikata, lazima nishuke chini kidogo kila mahali ndipo kikatio kishike. Nikishuka, gurudumu linashuka, mkono unachelewa, na maboksi yatatoka midomo wazi upande wa pili."

"Na tukikata jipya?"

"Chuma cha aina hii kitafika baada ya wiki tatu. Wao wanataka Ijumaa saa nane."

Bosi alikuna kidevu. "Haya, Mama. Wakirudisha utawaeleza wewe."

Maelezo yake yalikuwa ya kweli kabisa, na yalikuwa nusu ya sababu. Nusu nyingine aliibana kifuani.

Kukata nusu ya ukingo si kazi rahisi kama inavyosikika. Bi Nukta alikuwa ameupima ukingo wa bamba kwa kijiti cha kugusia kilichofungwa kwenye mashine, akarekebisha kilima kwa mchoro wa zamani wa kiwanda, na programu ikamchorea mstari wa kijani unaojizungusha na kujifunga. Programu hizi zina ukarimu usioombwa. Ukigusa kipande kimoja cha mstari, inadhani umeutaka wote, inauwasha mzima, inapanga safari ya kikatio kuzunguka bamba lote na kukuuliza kama uko tayari. Asiye makini hujibu ndiyo. Mwenye kutaka sehemu tu lazima aikatalie: aukate mstari mahali pawili, aonyeshe unapoanzia na unapoishia, kisha aseme kikatio kiingie vipi na kitoke vipi, maana pale pa kuingia na kutoka ndipo chuma hubaki na makovu.

Alhamisi asubuhi aliukata mstari mgongoni, pale penye kile kikwazo cha ndoa yao, na akaukata tena bondeni, karibu na tundu. Kati ya hapo na hapo palikuwa kwake. Kwingine kote kwa Tupa. Alikivuta kikwazo kikajaa kwenye kioo kizima cha kompyuta, akakifanyia kazi saa moja na nusu, chai ikapoa. Kwa kuwa upande wake sasa ulikuwa umejazwa chuma kipya, angeweza kuukata ukalingana na wa mumewe sawasawa, jambo ambalo tupa mbili zilishindwa. Alitaka hilo kwa udi na uvumba. Kwa mara ya kwanza mstari wao ungekuwa mmoja.

Ili kikatio kisibakize mdomo wa chuma mwishoni, alirefusha mstari milimita mbili kila upande, kama fundi rangi anavyopitiliza brashi kidogo. Ni jambo la kawaida. Aliendesha kazi nzima kwenye kioo kwanza, kikatio cha kuchorwa kikapita, hakuna onyo jekundu lililowaka. Akaiendesha hewani juu ya bamba, ikaenda vizuri. Akafunga mlango wa mashine, akaweka mkono kwenye swichi ya kupunguza mwendo, akabonyeza.

Dakika kumi na moja. Maji yaliruka, nundu za mchomeleaji zikayeyuka, kilima kikatokea kinang'aa. Mwishoni kabisa, bondeni, masikio yake yakapata mlio mfupi asioupenda, kama mtu anayevuta pumzi ghafla, kisha kimya.

Alilifuta bamba na kuweka saa ya kupimia, ile yenye mshale usiojua kutulia. Mgongoni mshale ulipita kutoka kwake kwenda kwa Tupa bila kutikisika. Akarudia mara tatu. Kikwazo cha miaka ishirini na sita kilikuwa kimeondoka, na Bi Nukta alifurahi, na papo hapo akahisi ameibiwa kitu ambacho hakujua alikuwa anakipenda.

Kisha akapima bondeni. Mshale ukadondoka. Sehemu sita za mia za milimita, nusu ya unene wa karatasi, kovu lenye urefu wa punje ya ufuta. Halikuwa kwake. Lilikuwa ndani ya upande wa Tupa, limekata alama tatu za mshazari.

Alielewa mara moja, na kuelewa kwenyewe kulimuuma. Mstari ukiurefusha, programu haifuati umbo, inaendelea mbele kwa kunyooka. Mgongoni hilo halina madhara, kwa sababu pale ukingo unainama na kikatio hutokea hewani. Lakini bondeni ukingo unainuka kukilaki kikatio. Kwa kuwa upande wa Tupa hakuuchagua, kwa programu upande ule haukuwepo duniani. Ilikata kwa raha zake, haikuona kitu mbele.

Ukutani, juu ya kompyuta, kuna karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: USICHOKICHAGUA, PROGRAMU HAIKIJUI. Aliiandika yeye, mwaka wa pili, baada ya fundi mmoja kuharibu kazi ya wiki nzima kwa kosa hilihili. Alikuwa amemgombeza mpaka yule mtu akaenda kunywa maji. Sasa alikaa chini ya karatasi yake mwenyewe, mikono mapajani, hana wa kumgombeza.

Alimwita Bosi na kumwonyesha. Hakuficha.

Bosi alipitisha mshale mwenyewe. "Gurudumu ni pana, litapita juu kama halikuona. Mama, hii ni kazi nzuri. Nani atajua?"

 Bi Nukta angeweza kulisugua kovu kwa msasa, lakini kulifuta kungemaanisha kuuparua upande wa Tupa pande zote mbili za kovu, kuharibu kingi ili kuficha kidogo. Akaliacha.

Jioni hiyo Tupa aliuliza kabla mkewe hajakaa. "Umekata?"

"Nimekata."

"Niletee nilione."

"Gari lao linakuja kesho saa nane."

"Basi niletee kabla ya saa nane. Au limekuwa la kwao kuliko letu?"

Alisema atalileta. Alipakua chakula, akaosha vyombo, akazungumza na binti yake kwenye simu kuhusu mambo ya wajukuu, na muda wote huo kovu lilikuwa nyuma ya ulimi wake. Alipiga moyo konde mara mbili aseme. Mara zote mbili aliishia kuuliza kama chumvi imetosha.

Ijumaa saa saba Bosi alimpa saa moja. Alilifunga bamba kwa kitambaa safi, akaliweka kwenye kikapu, akatembea nalo mitaa mitatu, mkono wa kikapu ukimkata vidole. Njiani alifanya hesabu ambayo haina nukta. Tupa hatazami chuma, hajawahi. Husema anayetazama ni mnunuzi, fundi anagusa. Kama mkono ule umekufa kweli, hatalikuta kovu, ahadi itabaki nzima na bamba litakwenda zake. Kama atalikuta, basi mkewe ni mwongo, lakini mkono uko hai. Alijiuliza anaomba lipi. Alipofika kona ya kwao, alikuwa anaomba akamatwe.

Tupa alikuwa amevaa shati la kutokea. Alilipakata bamba mapajani, akalishika kwa mkono wa kushoto likae wima, kisha, bila kufikiri, kama alivyofanya kwa miaka thelathini kila kazi ikiisha, akafunga macho na kuweka kidole cha mkono wa kulia ukingoni, bondeni, pembeni mwa tundu.

Bi Nukta aliuona ni mkono wa kulia. 

Kidole kilianza kupanda kilima, taratibu. "Kilaini," alisema Tupa. Mtu yeyote angesema hivyo kwa chuma kilichotoka mashineni, kwa hiyo haikuwa na maana. Kidole kikafika juu, kikaingia mgongoni. Hapo ndipo ukucha ulipokuwa ukikwama, ndipo kila mara alipokuwa akisimama na kusema, unaona? Kidole kikapita. Hakikusimama, hakikupunguza mwendo. Uso wa Tupa haukubadilika.

 Ama Bi Nukta alikuwa amekata vizuri kuliko alivyowahi kukata maishani, ama kidole kile hakikuwa na mwenyewe, na yeye hakuwa na namna ya kujua. Kidole kikaendelea katika upande wa Tupa. Kilitembea juu ya alama zake zote za mshazari, alama za ujana wake, bila kusimama. Kikashuka, kikazunguka, kikaanza kuingia bondeni kutoka upande wa pili. Bi Nukta alikuwa ameshikilia kitambaa cha kikapu kwa mikono miwili. Machozi yalikuwa yamemjaa na aliona haya kulia mbele ya mtu aliyevaa shati la kutokea.

Kidole kikasimama.

Kikarudi nyuma upana wa uzi. Kikaja mbele. Kikasimama tena palepale.

"Hapa," alisema Tupa, macho bado yamefumbwa. "Hapa umenigusa."

"Nimekugusa," alisema Bi Nukta, na maneno yakamtoka kwa fujo. "Nilirefusha mstari, milimita mbili tu, na ile programu ikaenda moja kwa moja, na mimi macho yangu yote yalikuwa mgongoni, nilitaka pale pakae sawa, nikasahau huku..."

"Ngapi?"

"Sita za mia."

"Tano."

"Ni sita, nimepima mara nne."

"Uliahidi."

"Niliahidi."

Tupa alivuta pumzi. Bado hajafumbua macho. Alirudisha kidole mgongoni, akakipitisha huku na huku, mara ya pili, ya tatu, kama mtu anayetafuta funguo katika mfuko anaojua ziko. "Na mpaka wetu uko wapi?"

"Haupo tena."

"Umeniinamisha mimi?"

"Nimejiinua mimi."

 Nje gari lilipita, mtoto wa jirani aliitwa na mama yake akajibu kwamba anakuja, na hakwenda.

"Mume wangu," alisema Bi Nukta. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko yeye. "Ni mkono gani huo ulionikamata?"

Tupa akafumbua macho. Aliutazama mkono wake ukiwa juu ya chuma, mkono wa kulia, ule usiosikia, ule wa mtu mwingine. Aliutazama kwa muda mrefu sana. Kisha akafunga macho tena, akakirudisha kidole bondeni, akalitafuta kovu, akalipata, akakitoa, akakirudisha.

"Sita," alisema.